Coccinelle ya 1968 inayokula oili: karta kwanza, pistoni baadaye

Swali: Jambo papa fundi. Niko Lubumbashi, commune ya Katuba. Marehemu baba aliniachia Volkswagen Coccinelle 1500 ya mwaka 1968. Ililala miaka mingi, sasa nimeiamsha na inawaka vizuri. Lakini inatoa moshi wa buluu, inakula lita moja ya oili kila kilomita 400, na ikishapata moto taa nyekundu ya oili inawaka kwenye relanti. Fundi mmoja anasema tuchonge silinda na kuvalisha segma mpya. Wa pili anasema nitupe moteri hii niweke ya Toyota. Piesi zake bado zinapatikana? Nianzie wapi?

Jibu: Jambo mwanangu. Piesi zipo. Coccinelle za mwisho zilitoka kiwandani Mexico mwezi wa 7 mwaka 2003, na Brazili waliendelea kufunga injini ya aina hii kwenye Kombi, basi dogo la Volkswagen, hadi 2005. Kwa hiyo pistoni, silinda, kusine na supapu bado zinatengenezwa mpya. Kazi ngumu ni kupata piesi za saizi yako, na saizi yako huijui bado, wala hao mafundi wawili hawaijui. Wengi huanza kwa kununua seti ya pistoni kwa sababu inaonekana rahisi, halafu moteri ikifunguliwa karta inakutwa imekufa na pesa imeisha. Katika injini hii pistoni na silinda ni vitu vya kuvua na kutupa. Kinachoamua kama moteri inatengenezeka ni karta, lile sanduku la magnesiamu linaloshika vilebrekini. Hiyo ndiyo tutaitafuta hali yake kwanza.

Wasomaji wa Dar na Nairobi watuvumilie kwa maneno ya Lubumbashi: vilebrekini ni krankshafti, biele ni konrodi, kusine ni beringi za krankshafti na konrodi, segma ni ringi za pistoni, kulasi ni silinda hedi, supapu ni valvu, abrakamu ni kamshafti, pusuari ni zile tapeti zinazosukumwa nayo, rondeli ni washa, ambreaji ni klachi, volani ya moteri ni flaiwili (si usukani), delko ni distribyuta, bugi ni plagi, esansi ni petroli, relanti ni injini kuzunguka bila kukanyaga gesi, jointi ni gasketi, hesi ni uzi wa skrubu, gujoni ni stadi, na Coccinelle yenyewe ni Beetle.

Kabla ya kufungua boliti hata moja, soma namba ya injini. Imegongwa kwenye karta, chini ya kiti cha dainamo. Ikianza na H ni 1500 kweli. F ni 1300, D ni 1200, B ni 1600, ambayo wengi walikuwa wakiitoa kwenye Kombi. Usiamini karatasi ya gari. Ndani ya miaka zaidi ya 50 injini nyingi zimehamahama, na ukiagiza piesi kwa kufuata karatasi utapata za gari la mwingine.

Kisha shika puli ya vilebrekini kwa mikono miwili, injini ikiwa imezimwa, uivute kwako na kuisukuma mbele. Kwenye injini nzima mkono hausikii kitu. Ukisikia "tok, tok", kucheza kwa urefu kumepita kiasi. Njia nyingine: mwambie mtu akanyage ambreaji huku wewe ukitazama puli, ikisogea kwako waziwazi, jibu ni lile lile. Ukipata komparatere, ile saa yenye mshale ya fundi wa mashine, ifunge ikigusa puli upime hasa. Volkswagen ilitaka milimita 0.07 hadi 0.13, na mwisho wa kuvumilia ni 0.15. Kuzidi kidogo kwaweza kuwa ni rondeli tu nyuma ya volani ya moteri. Kukigonga kwa sauti, mara nyingi kusine ya kwanza imeanza kucheza ndani ya karta yenyewe, na hapo rondeli haisaidii kitu.

Sasa taa ya oili. Swichi yake hufunga njia ya taa presha ikishuka kati ya bar 0.45 na 0.15, yaani taa ikiwaka presha karibu haipo. Lakini usihukumu kwa taa. Ondoa swichi hiyo, iliyo upande wa kushoto wa karta karibu na delko, ufunge manometa mahali pake. Hesi yake ni milimita 10 kwa 1, tena ya mchongo wa pia, yaani inanenepa kadiri inavyoingia. Ukiikaza kwa nguvu za boliti ya gurudumu utapasua karta, na huo ni msiba wa bure. Washa gari, lipate moto kweli (oili nyuzi 70 hivi), shika mizunguko 2500. Kwa oili ya SAE 30 unataka angalau bar 2. Ukiwa na bar 2 huko juu na taa inapepesa kwenye relanti tu, moteri imechakaa lakini haijafa. Ukiwa na bar 1, vilebrekini na karta vinadai kufunguliwa.

Kuna mambo matatu yanayodanganya kipimo hiki. La kwanza: nusa kijiti cha oili. Kikinuka esansi, kiwambo cha pampu ya esansi kimetoboka na kinamwaga ndani ya karta. Oili iliyochanganyika hivyo haiwezi kushika presha hata kwenye injini mpya. La pili ni pistoni ndogo ya kurekebisha presha, iliyo chini ya karta upande wa pampu ya oili, imefungwa kwa skrubu kubwa yenye mfereji. Gari likilala miaka, inanata. Ikinata chini, oili inarudi karta bila kufanya kazi na taa inawaka kwenye relanti. Ikinata juu, presha ya asubuhi oili ikiwa baridi inapasua radiata ya oili. Itoe, isafishe, itelezeshe kwa kidole. Springi yake ikiwa huru huwa na urefu wa milimita 62 hadi 64. La tatu ni pampu yenyewe. Fungua kifuniko chake uweke rula iliyonyooka juu ya gia bila jointi: nafasi ikizidi milimita 0.1, pampu imekwisha. Kifuniko chenye mikwaruzo ya duara kisawazishe kwa msasa laini uliolala juu ya kioo. Haya yote yanafanyika injini ikiwa garini, kwa nusu siku, na mara nyingine taa huzimika hapohapo.

Upande wa moshi, usiseme "segma" kabla ya kutazama. Moshi wa buluu ukitoka wakati unapanda na mzigo, segma na silinda zinashukiwa. Ukitoka pale unaposhuka mteremko mguu umeuondoa, halafu ukikanyaga tena linatupa wingu, ni miongozo ya supapu. Na uhakikishe oili hiyo yote inaliwa, haivuji: yale mabomba manane membamba yaliyo chini ya silinda hupoteza oili nyingi raba zake zikikauka, na upepo wa injini huitawanya usione tone chini.

Pima kompresheni, bugi zote nne zimetolewa, kabureta imefunguliwa wazi, injini ina moto. Hapa mafundi wengi wanakosea kwa sababu wanasoma vitabu vya pwani. Lubumbashi iko kama mita 1200 juu ya bahari, na hewa yetu ina uzito wa karibu asilimia 88 ya ile ya pwani. Injini ambayo Matadi au Mombasa ingeonyesha bar 9, hapa itaonyesha kama 7.9 bila kuwa na kosa lolote. Kwa ndugu wa Goma na Bukavu, kwenye mita 1500 hivi, itashuka zaidi kidogo. Kwa hiyo usilie kwa kuona 7.5. Tazama tofauti: silinda tatu zikisoma 7.5 na moja 5, hiyo moja ina neno. Mafundi hupenda kumimina kijiko cha oili kwenye tundu la bugi wapime tena, ili wajue kama ni segma au supapu. Kwenye injini iliyolala hivi kipimo hicho ni dhaifu, kwa maana oili hukusanyika upande wa chini wa silinda na juu kunabaki kavu. Afadhali uazime kompresa kwa mziba matairi: leta pistoni juu kabisa supapu zote zikiwa zimefunga, weka gia ya nne na breki ya mkono, sukuma hewa kwenye tundu la bugi, sikiliza. Hewa ikipuliza kwenye ekzosi ni supapu ya kutolea. Kwenye kabureta ni ya kuingizia. Kwenye mdomo wa kujazia oili ni segma.

Nabashiri itakuwa silinda ya 3, supapu ya kutolea. Katika injini za kabla ya 1971 radiata ya oili imesimama ndani ya kava la feni juu ya silinda hiyo na kuinyima upepo baridi. Gari likilala, panya nao hujenga humohumo. Ukitoa kava la feni, kagua radiata hiyo kabla ya kitu kingine.

Tuseme sasa vipimo vimekuhukumu na injini inatoka. Boliti nne, waya, bomba la esansi na kebo ya kabureta, mabomba ya hita, basi. Ni kama kilo 110, watu wawili na jeki wanaitoa. Hapo ndipo kazi inapohamia kwa fundi wa mashine. Lubumbashi kuna bahati ambayo miji mingine haina: kampuni ya migodi Union Minière ilianza 1906, Gécamines ikafuata, na karakana za reli nazo zimefundisha vizazi vya maturunere (mafundi wa mashine ya kukereza) wanaojua kusoma palmere, yaani maikromita, hadi sehemu ya mia ya milimita. Mtafute mtu wa namna hiyo, hata kama ni mzee aliyestaafu. Swali la kumjaribu: "Una alezometre ya milimita 65?", yaani kipimo cha ndani ya tundu. Akikuonyesha piedakulisi (kalipa ya vernia), mshukuru, tembea. Piedakulisi haioni mambo tunayoyatafuta hapa.

Karta inapimwa hivi. Safisha nusu zote mbili, ziunganishe tupu bila kusine, kaza nati sita kubwa kwa Nm 34 na ndogo kwa Nm 20 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), halafu pima matundu ya kusine namba 1, 2 na 3 kwa pembe tatu tofauti. Yanatakiwa yawe 65.00 hadi 65.03. Namba 4, upande wa puli, ni 50.00 hadi 50.04. Namba 2, ya katikati, ndiyo hupigwa zaidi, kwa sababu pale vilebrekini hupinda kila mlipuko na magnesiamu ni laini. Ukikuta 65.06 na duara limekuwa yai, karta inahitaji alezaji ya mstari mmoja, yaani matundu yachongwe yakiwa yamenyooka pamoja, hadi 65.50, na kusine za kuvalia humo zipo. Ipo pia 66.00 ya pili. Kama imeshafika hiyo, tafuta karta nyingine.

Pale nusu mbili zinapokutana, usikubali mtu apitishe faili wala msasa. Na hakuna jointi ya karatasi kati yake. Hakuna. Wapo mafundi wanaopaka silikoni nene "ili isivuje", na silikoni hiyo inaziweka nusu mbali, matundu ya kusine yanakuwa mayai, presha inaanguka. Gundi nyembamba sana ya kuziba, kama rangi, yatosha.

Tafuta nyufa pia, hasa nyuma ya volani kuelekea silinda ya 3. Paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa kabisa, halafu nyunyiza unga wa chaki. Ufa utajichora wenyewe. Na mtu asichomee karta kwa gesi ya kawaida: magnesiamu huchomewa kwa argoni tu. Vumbi lake likishika moto, maji yanauchochea. Weka mchanga mkavu karibu.

Vilebrekini ni rahisi zaidi. Shingo za kusine 1 hadi 3 na zile za biele zote ni milimita 55, ya 4 ni 40. Shingo ikiwa yai kwa zaidi ya 0.03 inasagwa, saizi ni 0.25, 0.50 na 0.75 chini. Mwambie msagaji aache ule mviringo mdogo kwenye kona za shingo. Kona kali ndiyo mahali vilebrekini hukatikia. Isipokuwa na mikwaruzo na iko ndani ya kipimo, ipolishe tu uirudishe. Kusaga kwa mazoea ni kupoteza saizi ambayo mwanao angeitumia.

Biele: nafasi yake na shingo 0.02 hadi 0.08, mwisho 0.15. Kucheza kwa upande 0.10 hadi 0.40, mwisho 0.70. Kila biele na kofia yake zina namba moja, usizichanganye. Zipime uzito: tofauti kati ya nyepesi na nzito isizidi gramu 10. Mizani ndogo ya kidijitali ya dukani inatosha kabisa.

Sasa rafiki yako wa kuchonga silinda. Inawezekana, lakini silinda hizi ni nyembamba na zinapozwa na upepo. Ukiondoa chuma zinapanuka vibaya, na gharama ya mashine pamoja na pistoni kubwa inakaribia ile ya seti mpya. Kama unataka kujua hali yake, pima milimita 10 hadi 15 chini ya ukingo wa juu, ndipo huliwa zaidi, ulinganishe na pistoni: mpya ni 0.04 hadi 0.06, ikifika 0.20 tupa vyote. Na kuvalisha segma mpya ndani ya silinda iliyochakaa ni kununua kilomita 5000 za amani. Mfereji wa juu wa pistoni nao umeliwa: segma ya juu ikiwa na nafasi ya zaidi ya 0.12 katika mfereji wake, inapampu oili kwenda juu yenyewe.

Cha kununua ni seti kamili ya pistoni na silinda za 85.5. Yako ya asili ni 83, lakini seti za 83 ni adimu, na 85.5 ya 1600 inaingia kwenye karta ya H na kulasi zako bila kuchonga popote. Ujazo unapanda kutoka 1493 hadi 1584. Zinazotoka Brazili, za Mahle Metal Leve au Kolbenschmidt, zina sifa nzuri. Hata hivyo pima zikifika: uzito wa pistoni nne usitofautiane kwa zaidi ya gramu 10, na segma ukiiweka peke yake ndani ya silinda, ncha zake ziachane kati ya 0.30 na 0.45. Zikigusana, moteri itakwama ikipata moto mara ya kwanza.

Kulasi: tikisa supapu ikiwa imeinuliwa kidogo, kucheza upande kwa upande kukizidi 0.8 miongozo ibadilishwe. Angalia ufa kati ya kiti cha supapu na tundu la bugi. Supapu nne za kutolea nunua mpya bila kujadili, hata zikionekana nzuri. Chuma chake huchoka kwa moto, kichwa hukatika kikaanguka juu ya pistoni, na siku hiyo hasara ni kulasi, pistoni, silinda na pengine biele. Mara nyingi ni ile ya silinda 3.

Kuhusu mahali pa kuagiza, Lubumbashi iko karibu kuliko unavyodhani. Coccinelle ilikuwa ikiundwa Uitenhage, Afrika Kusini, kuanzia 1951 hadi 1979, na mpaka leo huko kuna maduka yanayoishi kwa gari hili peke yake. Mzigo unapanda kwa barabara kupitia Zambia hadi Kasumbalesa, ambayo kutoka mjini kwako haifiki kilomita 100. Vitu vidogo kama kusine, supapu, rondeli na raba vinaweza kuja na msafiri. Silinda ni nzito, ziunganishe na mzigo wa mtu mwingine. Muuzaji umtumie vipimo vilivyoandikwa na kusainiwa na turunere, tena umdai picha ya mgongo wa kusine, pale saizi ilipogongwa, kabla hujalipa. Kusine ya injini hii ina saizi mbili, ya ndani inayofuata vilebrekini na ya nje inayofuata karta. Mtu akikuuliza moja tu, hajui anachouza.

Kabla ya hapo pita kwenye yadi za misheni na karakana za zamani, Likasi mpaka Kolwezi, ukauliza Kombi zilizokufa. Injini yake ya 1600 ina vilebrekini, biele na mara nyingi karta zinazokufaa. Ila epuka mitego mitatu. Pampu ya oili ya 1971 na kuendelea hailingani na abrakamu ya gia bapa uliyonayo. Pampu na abrakamu ziende pamoja. Kulasi za baada ya Agosti 1970 nyingi zina milango miwili ya kuingizia, nazo zinadai mabomba yake ya kabureta. Na piesi za Mexico za miaka ya 1990, zenye pusuari za hidroliki, si za kwako.

Ya Toyota? Ni injini ya maji, inadai radiata mbele au nyuma, sahani ya kuunganisha gia, na mtu wa kukata bodi. Baada ya hapo gari halina kitabu, na likiharibika kila fundi ataanza upya. Ungeuza Coccinelle ukanunua Toyota nzima.

Kufunga kunaharibiwa na vitu vidogo. Kusine 1, 3 na 4 zina tundu la pini, na tundu hilo likae upande wa volani. Namba 3 huvalishwa kabla ya gia, na gia huchemshwa hadi nyuzi 80 ndipo iteleze. Kabla ya kulaza vilebrekini ndani ya karta, laza kila kusine penyewe kwenye pini yake na uchore mstari wa penseli mahali inapokutana na ukingo wa karta. Ukishalaza vyote, mistari ikipotea unajua pini haijaingia. Kusine iliyobanwa juu ya pini ni kusine iliyokufa, na ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote. Nukta moja ya gia ya abrakamu ikae kati ya nukta mbili za gia ya vilebrekini. Nati ndogo iliyo kando ya gujoni kubwa la kusine ya kwanza ikazwe kwanza Nm 20, ndipo kubwa Nm 34, ndipo ndogo zilizobaki. Zungusha vilebrekini kwa mkono baada ya kila hatua. Ikianza kukataa, simama, fungua. Nati za biele Nm 33, na biele iliyosimama iporomoke taratibu kwa uzito wake.

Kucheza kwa urefu kunapangwa kwa rondeli tatu, daima tatu. Weka mbili, funga volani, pima, toa 0.10, kinachobaki ndiyo unene wa rondeli ya tatu. Zinauzwa kuanzia 0.24 mpaka 0.38. Nati ya volani inataka Nm 300. Bila ufunguo wa kipimo, chukua soketi ya 36 na bomba la mita 1.5 lililolala sawa na ardhi, ning'iniza kilo 20 mwishoni.

Pistoni ichemshe kwenye sufuria ya maji, pini itaingia kwa kidole. Mshale uelekee volani. Mabomba manane ya chini uyavute kwanza yafike 190 hadi 191, mshono ukae juu. Gujoni za kulasi ni Nm 32, kwanza 10 zote, kisha mwisho. Gujoni linalozunguka bila kushika limeng'oa hesi ya magnesiamu: turunere akuwekee busi ya chuma yenye hesi 14 nje na 10 ndani, na ni busara kuziweka zote 16 wakati karta iko mezani. Supapu 0.15 injini ikiwa baridi. Na ukirudisha mabati ya upepo, usibakize hata moja kwenye sanduku ukidhani ni pambo. Raba inayozunguka chumba cha injini nayo inazuia hewa ya moto ya chini isirudi kwenye feni.

Oili ni lita 2.5, 20W-50 au SAE 40, na hakuna filta ndani yake, ni chujio cha wavu tu. Kitabu kinasema kilomita 5000. Katika kiangazi chetu, na vumbi jekundu kuanzia mwezi wa 5, fanya 2500. Filta ya hewa ni ya kuoga oili: ifungue kila ukibadilisha oili ya injini, toa tope, jaza hadi alama. Moteri nyingi za hapa zimekufa kwa filta hiyo kukauka. Ndugu wa Goma, changarawe ya lava inayosagwa barabarani ni mbaya zaidi ya vumbi letu. Kwenu afadhali kila 1500.

Siku ya kwanza, zungusha kwa staata bugi zikiwa nje hadi taa ya oili izime, ndipo uzirudishe na kuwasha. Ukiweka abrakamu na pusuari mpya, shika mizunguko 2000 kwa dakika 20 bila kurudi relanti. Kilomita 500 mwaga oili, vua wavu, pitisha sumaku. Unga wa kijivu ni wa segma zinazokaa mahali pake. Vipande vinavyong'aa ambavyo sumaku haivishiki vinatoka kwenye kusine au karta. Ukiviona, usiwashe tena, niandikie ukiambatanisha vipimo vya turunere.